Propela ya Shemeji

Nahodha alikuwa mpole, tena mpole wa kupitiliza. Hata boti yake ilipogonga mwamba na propela ikapoteza panga moja kati ya matatu, hakutukana. Aliinamisha mashine mbele, akakitazama kile kibogoyo kilichokuwa kinachuruzika maji, akasema tu, "Haya, tushike makasia." Wakapiga kasia mpaka gatini, yeye na wavuvi wenzake watatu, na walipofika samaki walikuwa wameshaanza kulegea.

Propela ile aliikuta kwenye mashine siku alipoinunua kwa mtu, na miaka yote hakuwahi kuijali. Mashine inaunguruma, boti inakwenda. Nani anauliza namba ya kiatu kisichombana? Sasa imevunjika ndipo alipoanza kuuliza, na namba zenyewe zilizokuwa zimegongwa kwenye kitovu chake zilikuwa zimelika kwa mchanga na maji, hazisomeki hata kwa kupapasa.

Akaipeleka kwa fundi wa mashine, ambaye watu wote walimwita Kesho kwa sababu hiyo ndiyo siku yake ya kumaliza kazi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya petroli na mpira ulioungua, mashine zimeangikwa kwenye gogo mstari mmoja kama nyama buchani. Kesho aliigeuza ile propela mara mbili, akaiweka chini.

Akamweleza kwamba propela ina namba mbili. Ya kwanza ni upana wake, hiyo haina maneno. Yenye maneno ni ya pili, inayosema propela ikizunguka mara moja inataka kusogea mbele kiasi gani, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Namba kubwa ni ya mbio, lakini haipendi mzigo. Namba ndogo inabeba mzigo, lakini mbio haina. Ni kama gia za baiskeli.

"Sasa boti yangu inataka namba gani?" Nahodha akauliza.

Kesho akajikuna kichwa. Akasema inategemea uzito wa boti, na nyavu, na barafu, na watu, na samaki wenyewe siku wakikubali. Akasema ataangalia. Akasema lini, huna haja ya kuambiwa.

Wakati Nahodha anamsubiri Kesho, mke wake alikuwa ameshampigia simu kaka yake.

Huyu kaka, shemeji yake Nahodha, alikuwa na duka la vipuri vya magari katika mji ulio mbali na maji. Alikuwa mtu wa moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemlea dada yake, akamsomesha, akamwoza, na siku ya harusi alilia mbele ya watu kuliko ambavyo mama wa bibi harusi angelia kama angekuwa hai. Basi mtu kama huyo akikutumia zawadi, unaipokea kwa mikono miwili.

Zawadi ilikuja ndani ya boksi, imefungwa kwa matabaka ya plastiki. Ilikuwa propela ya chuma cheupe kisichoshika kutu, inang'aa kiasi kwamba ungeweza kujinyolea ndevu kwayo. Kwenye kitovu, namba ya pili ilisomeka vizuri kabisa: kumi na saba. Mke wake aliipitisha nyumba kwa nyumba kabla haijafika kwenye boti. Jirani mmoja akasema ni heri mtu ukose mali upate kaka.

Nahodha aliifunga, meno ya ndani yakakaa barabara kwenye shafti. Akatoka kuijaribu peke yake, boti tupu. Hakuamini. Alipokandamiza mafuta, boti ilijivuta kidogo kama inayofikiri, kisha ikapanda juu ya maji na kuondoka mbio, upepo ukamtoa machozi. Akarudi anacheka mwenyewe. Jioni akampigia shemeji kumshukuru, na shemeji akasema kwamba yeye hanunui vitu vya kubahatisha, amemuuliza muuzaji ile yenye mbio kuliko zote, akapewa hiyo.

Asubuhi yake wakaenda kazini. Kwenda walikwenda vizuri, barafu ikiwa bado haijaongezewa samaki. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Nyavu zilikuwa zimelowa, sanduku limejaa, na boti ikakataa kupanda. Pua ilitazama mbinguni, mkia ukakaa ndani ya maji, na mashine ikawa inakoroma kama mzee mwenye pumu anayepandishwa ngazi. Moshi ulitoka mweusi. Nahodha alikandamiza mafuta mpaka mwisho na mlio haukubadilika hata kidogo. Boti nyingine ziliwapita, hata zile ambazo kwa kawaida huona migongo yao. Walipofika sokoni wanunuzi wakubwa walikuwa wameshaondoka, wamebaki wa kubembeleza bei.

Alijiambia labda ni mafuta machafu. Siku iliyofuata akajiambia ni upepo wa mbele. Siku nyingine akasafisha plagi. Mpaka wiki inaisha, hakuwa na kisingizio kilichobaki. Ilikuwa propela, na propela ilikuwa ya shemeji.

Alijaribu kumweleza mke wake. Alianza mbali, wakati yeye anachambua mboga jikoni, akasema kwamba ile propela ni nzuri sana, ila labda ni nzuri kupita boti. Mke wake hakuinua kichwa. Alisema kaka yake ameacha kuezeka banda lake la nyuma mwaka huu ili ainunue. Akasema pia kwamba akina kaka wa wenzake hutuma salamu. Nahodha akameza alichotaka kusema, akaomba maji ya kunywa.

Na shemeji naye hakumwachia nafasi ya kupumua. Kila baada ya siku kadhaa simu inalia, naye anataka kusikia habari za mbio. Nahodha alimjibu kwa maneno ya kweli yasiyosema kitu: inang'aa, haijapata mkwaruzo, watu wanaisifu. Kila akikata simu alijiona mnafiki, na hasira ya kujiona mnafiki aliimalizia kwenye kamba, kwenye ndoo, kwenye mlango wa stoo uliokuwa haujamkosea chochote.

Ndipo Kesho akapata propela. Ilikuwa imetoka kwenye boti ya kokoto, panga lake moja limenyooshwa kwa nyundo, namba yake tisa. Akasema hii itabeba hata nyumba, akaapa. Nahodha aliifunga kwa siri, mbali na macho ya watu wa nyumbani. Kweli boti ilibeba. Ilipanda na mzigo wake wote bila manung'uniko. Lakini ilipokwisha kupanda, ikawa haina pa kwenda: mashine ilipiga kelele ya juu, kali, mpaka meno yanauma, na boti inatambaa. Wenzake walizungumza kwa ishara kama mabubu. Mafuta ya kwenda na kurudi yaliisha kabla ya kurudi, wakavutwa na boti ya wauza dagaa, na safari nzima ya kuvutwa wakasimuliwa juu ya ubora wa makasia.

Aliirudisha kwa Kesho, akamwambia mashine imekaribia kupasuka. Kesho akasema basi ile ni ndogo mno. Nahodha akamwambia hilo amelijua mwenyewe. Kesho akasema ya katikati ndiyo ingefaa, lakini hanayo, na aliye nayo hamjui, pengine wiki ijayo. Nahodha alitoka mle karakanani akiwa ameuma taya mpaka masikio yanavuma.

Akairudishia boti ile propela ya shemeji, akakata shauri kwamba kama propela haiwezi kubadilika, basi ibadilike boti. Akapunguza barafu. Akaacha wavu mmoja nyumbani. Akaondoa ubao wa kukalia na nanga ya akiba. Kila kilichotoka kiliipa boti nafuu kidogo, na kila kilichotoka kilipunguza samaki. Mwisho ikawa hakuna cha kuondoa isipokuwa mtu.

Mzito kuliko wote alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, ambaye tangu utotoni walimwita Tembo. Ukimtoa Tembo, boti ilikuwa kama imetua magunia mawili. Lakini huyo Tembo ndiye aliyekuwa akivuta wavu peke yake pale ambapo wengine huvuta wawili, na ndiye aliyekuwa na Nahodha tangu siku ya kwanza, wakati boti yenyewe inavuja na wanaizibia kwa matambara.

Nahodha alimwambia asubuhi, gatini, wakati wenzao wawili wanapakia. Alizunguka sana. Alisema ni kwa muda tu, mpaka mambo ya mashine yatengemae.

Tembo alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kilichozidi kwenye boti ni mimi," akasema.

"Sijasema hivyo, binamu."

"Umesema. Ila umesema kwa adabu."

Akachukua koti lake la mvua kutoka kwenye boti, akalikunja vizuri, akaondoka nalo kwapani. Siku ya tatu Nahodha akamwona kwenye boti ya watu wengine, anavuta wavu. Alimpungia mkono. Tembo naye akampungia, kama unavyompungia mtu unayemfahamu tu kwa sura.

Hapo ndipo upole wa Nahodha ulipoanza kumwacha. Alikuwa anaamka amekasirika na analala amekasirika. Mke wake akimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Watoto wakicheka chumba cha pili, anaona wanamcheka yeye. Na katikati ya hali hiyo, simu ikalia: shemeji anakuja kuwatembelea, na jambo analolitamani kuliko yote ni kupanda boti akaione kazi ya propela yake.

Shemeji alifika na mikoba mingi na kicheko kilichotangulia mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mnene kuliko Tembo, na Nahodha alipomkumbatia kumkaribisha jambo la kwanza lililomjia kichwani, Mungu amsamehe, lilikuwa uzito wake.

Asubuhi wakatoka. Shemeji alikaa mbele, amevaa jaketi la kuokolea lililokataa kufungika. Kwenda, boti ilijikokota, ikajivuta, lakini mwisho ikapanda kwa sababu sanduku lilikuwa tupu na nyavu kavu. Ilipopanda, shemeji akapiga paja kwa furaha. Akageuka nyuma na kumwelekezea Nahodha kidole, yaani, si unaona? Akawaambia wale wavuvi wawili kwamba siri ya chombo chochote ni kipuri bora. Wavuvi wakatazamana. Mmoja akajifanya anakohoa.

Siku hiyo, kwa maajabu yake Mola, samaki wakakubali. Kwa wiki nyingi walikuwa wakirudi na sanduku nusu, lakini leo walivuta mpaka mikono ikatetemeka, nao wakiwa wawili tu pamoja na Nahodha, bila yule wa kuvuta kwa watu wawili. Shemeji naye alivuta, akajikata kiganja kwa kamba, hakulalamika. Sanduku likajaa, wakamwaga wengine chini ya miguu.

Kisha wakageuza pua kurudi.

Boti ilikaa mkia chini. Mashine ikaanza kukoroma. Mawimbi yalikuwa yanakuja kwa nyuma, na kwa kuwa boti ilikuwa haiwezi kuyakimbia, kila wimbi lilipofika lilichungulia ndani na mara nyingine likaingia. Wavuvi wakashika ndoo. Uso wa shemeji ulikuwa umebadilika rangi, na mkono wenye kidonda ulikuwa umeng'ang'ania ukingo. Nahodha alikandamiza mafuta, moshi ukawafunika, halafu mashine ikapiga kengele ya joto na kupunguza nguvu yenyewe. Ikabidi aizime. Wakabaki wanayumba, maji yanaingia, mashine inatoa mvuke, na gati linaonekana kule mbali kama mstari uliochorwa kwa kalamu.

"Boti ina nini, shemeji?" shemeji akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Nahodha hakuwahi kuisikia kwake.

Nahodha alikuwa na majibu ya adabu zaidi ya moja. Alikuwa ameyatumia yote. "Ina zawadi yako," akasema.

Hakuna aliyecheka. Yule aliyekuwa anakumba maji alisita na ndoo hewani. Na neno likishatoka halirudi. Nahodha akaona bora limalizike. Alisema kwamba propela ile ni ya boti ya matembezi, ya watu wawili na kikapu. Kwamba inakwenda mbio boti ikiwa tupu, na mvuvi haendi majini ili arudi mtupu. Kwamba kwa ajili yake amepunguza barafu, amepunguza nyavu, amemshusha binamu yake, mtoto wa shangazi, akamwacha gatini kama gunia lililopasuka. Kwamba kila simu inapolia anasema uongo. Alisema yote hayo bila kupaza sauti, na pengine hilo ndilo lililouma zaidi.

Shemeji akaokota kopo lililokuwa linaelea miguuni mwake, akaanza kukumba maji.

Ilibidi wamwage samaki majini, karibu nusu ya waliowavua, ndipo mashine ilipopoa na kukubali kuwafikisha kwa mwendo wa kobe. Nahodha aliwamwaga kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa anaona kila samaki.

Nyumbani, mke wake alilisikia neno lile kabla hajamvua kaka yake viatu, kwa kuwa wavuvi nao wana midomo. Hakupiga kelele. Alimfunga kaka yake kiganja kwa kitambaa safi, akamwandalia chakula, akamlaza. Kisha akaja jikoni alikokuwa mume wake.

"Wiki zote hizi ulinificha mimi," akasema, "halafu ukaenda kumwambia yeye katikati ya maji, mbele ya watu."

"Nilikuambia. Siku ile unachambua mboga."

"Uliniambia propela ni nzuri sana." Akamtazama. "Mimi ni mke wako, baba watoto, si mganga wa kupiga ramli."

Nahodha alijua kuwa ni kweli, na ukweli unaokuja baada ya siku kama ile ni sawa na chumvi kwenye mchubuko. Alitaka kumuuliza kama angemwelewa. Alitaka pia kumkumbusha habari ya banda lisiloezekwa. Badala yake akawa anachokonoa kucha zake zilizojaa magamba.

Asubuhi shemeji aliamka mapema kuliko wote. Walimkuta uani, boti imevutwa juu ya mchanga nyuma ya nyumba, yeye amepiga magoti nyuma yake na spana ya kukopa kwa jirani. Aliifungua propela mwenyewe, akaisoma namba. Akataka kuona na ile ya zamani iliyovunjika. Akaipima kwa uzi na rula ya mtoto wa shule, akarudia, akauliza boti hubeba barafu kiasi gani, na watu wangapi, na Tembo ana uzito gani. Akauliza ya Kesho ilikuwa namba ngapi. Nahodha alijibu kila swali kwa neno moja moja. Hawakutazamana usoni. Kisha shemeji akaifunga zawadi yake kwenye taulo, akaitia mkobani, akaaga, akaondoka. Kicheko hakukiacha wala hakuondoka nacho.

Zikafuata siku mbaya. Nahodha alirudi kwa Kesho, akaifunga ile namba tisa kwa kukosa jinsi, akaenda kazini na pamba masikioni. Simu ya shemeji haikulia. Mke wake alizungumza naye mambo ya lazima tu: unga, ada, bomba linalovuja. Mara mbili alimwendea Tembo nyumbani kwake kumwomba radhi, na mara zote mbili alipokewa vizuri, akapewa kiti, akaulizwa habari za watoto, na akaambiwa kwamba pale alipo sasa hawajambo, wana boti inayomtosha.

Boksi la pili lilipofika, hakuna aliyekimbia nalo kwa majirani. Ndani mlikuwa na propela ya alumini, nyeusi, ya kawaida, isiyong'aa popote. Namba yake kumi na tatu. Hapakuwa na barua wala salamu. Kumbe shemeji alikuwa amezunguka kwa wauzaji wenzake, akaibadilisha ile ya chuma cheupe kwa hasara aliyokataa kumtajia hata dada yake.

Nahodha aliifunga siku hiyohiyo. Hakuijaribu na boti tupu, alikuwa ameshajifunza. Alipakia barafu yote, nyavu zote, nanga ya akiba, na majirani wawili wanene waliokuja kwa hisani. Boti ilijiinua taratibu, kwa heshima, ikapanda, ikatulia. Mashine iliimba kwa sauti yake ya zamani ambayo alikuwa ameshaisahau. Haikuwa mbio za kumtoa mtu machozi. Ulikuwa mwendo wa kufika sokoni wanunuzi wakiwepo, na kwenye kazi yake hakuna mwendo mwingine unaohitajika.

Angefurahi. Alitegemea kufurahi. Badala yake alikaa kwenye mkia wa boti akihesabu moyoni ni samaki wangapi aliowapoteza, na nani angekuwa amekaa pale mbele kwenye kamba.

Jioni akapiga simu mwenyewe, mke wake amekaa karibu, sauti imefunguliwa wasikie wote wawili. Aliomba radhi kwa neno lile la majini. Shemeji akasema yameisha. Halafu mdomo wake mkubwa ukamrudia taratibu, kama mgonjwa anayeanza kuomba uji. Akamweleza Nahodha kwamba kosa la wavuvi wengi ni kutojua namba ya pili. Watu wanadhani propela ni propela. Namba kubwa ni ya mbio, akasema, lakini haipendi mzigo. Ni kama gia ya gari mlimani. Yeye ameshawaeleza wateja wake kadhaa jinsi alivyoiokoa boti ya shemeji yake, na mmoja wao ana boti, anataka ushauri.

Nahodha alifumbua mdomo. Mke wake alimwekea mkono juu ya goti, hakumkandamiza, aliuweka tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile.

"Ni kweli, shemeji," Nahodha akasema. "Ni kama gia." Na shemeji, aliposikia anasikilizwa, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.